Jicho la Aleka Ayalneh

Ukifika Debre Tabor ukauliza ni nani aliyemchora Mikaeli mwenye upanga mwekundu kwenye kanisa la mlimani, utaambiwa ni Aleka Ayalneh, aliyepewa cheo hicho cha Aleka kwa elimu yake ya kanisa, jirani yangu, Mungu amrehemu. Ukiuliza ni nani aliyeuhamisha mkono wa Bibi Maria kutoka mahali ulipokaa tangu enzi za mababu, utaambiwa ni binti yake, Wagaye, jirani yangu pia. Mimi nauza pilipili ya kusaga na kahawa. Sijui kuchora hata yai. Lakini ua wangu na wao unatenganishwa na uzio wa miti tu, na anayetaka kuwasema vibaya ahakikishe kwanza mimi sipo.

Kwetu mchoro wa kanisani una sheria yake, na hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua. Mwema huchorwa uso mzima, macho mawili makubwa, yakutazame wewe uliyesimama. Mwovu hugeuzwa upande, lionekane jicho moja tu. Yuda ana jicho moja. Askari waliompiga Bwana, kila mmoja ana jicho moja. Shetani ndiyo usiseme. Kwa hiyo wanawake wetu wakimaliza kusali hupitia ukutani kumkwangua shetani jicho lake kwa msumari au kwa kibanio cha nywele, asije akawatazama watoto wao. Katika kanisa letu la zamani mashetani wote walikuwa vipofu, na pale yalipokuwa macho yao ukuta ulikuwa umetoboka hadi kwenye udongo.

Sasa mfikirie mtu aliyeitumikia sheria hiyo maisha yake yote, naye mwenyewe ana jicho moja.

Chokaa mbichi ndiyo iliyolichukua la pili. Ayalneh alikuwa kijana, anaandaa ukuta wa kumchorea Bibi Maria, mkewe Yeshareg ana mimba ya Wagaye, chokaa ikachemka ikamrukia usoni. Jicho la kushoto likaungua, likabaki jeupe. Aliugua, akapona, akarudi akaumaliza ukuta uleule. Baada ya hapo alichora makanisa mengi sana ya vilima vyetu, na kila tulipomwambia achorwe naye amepiga magoti pembeni ya mchoro mmojawapo, jina lake liandikwe chini, kama wanavyofanyiwa waliolitumikia kanisa, alicheka.

"Msinichore mimi," alisema. "Mtakuja kunikwangua hili lililobaki, na bado nalihitaji."

Alicheka yeye. Yeshareg hakucheka. Siku moja sokoni aligombana na mwanamke juu ya kipimo cha dengu, na yule mwanamke alipoishiwa maneno akamwambia, "Rudi nyumbani kwa shetani wako ukampikie." Yeshareg, mtu asiyejua kujibu, akaokota kikapu chake akarudi. Siku ya soko iliyofuata nilikwenda mimi. Sitasema nilichomwambia, maana hiki ni kisa cha kanisa, lakini mpaka leo mwanamke huyo akiniona anahamisha kikapu.

Wagaye alikua katikati ya rangi. Akiwa mdogo alimsagia baba yake udongo mwekundu na wa manjano, baadaye akaruhusiwa kuchora pindo za nguo, kisha manyoya ya mabawa. Hapo akafika mwisho, kwa sababu ukuta wa kanisa haukuwa kazi ya mwanamke. Akaenda Addis Ababa kusomea uchoraji. Akarudi kichwa kimenyolewa, na michoro iliyotuacha midomo wazi. Mmoja ulikuwa na mabawa ya malaika yameanikwa kwenye kamba ya nguo, malaika mwenyewe hayupo.

"Wagaye," nilimwuliza, "na huyu malaika kaenda wapi?"

"Kaenda kuoga, shangazi. Kaacha mabawa yakauke."

Mwingine ulikuwa msalaba, lakini ukisogea unaona ni mzigo wa kuni umefungwa mgongoni mwa mwanamke anayepanda mlima. Watu wa mjini walinunua michoro ya namna hiyo na kuitundika kwenye kumbi zao. Hapa kwetu walisema mtoto wa Aleka kachanganyikiwa na hewa ya Addis. Basi nikamwona Aleka mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, anaburuta kigoda chake mbele ya ule msalaba wa kuni. Akaukazia lile jicho lake kwa muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu hajakosea," akasema. "Amemchora mama yake, na amemchora Bwana. Mimi sikuwahi kuthubutu kuwaweka pamoja."

Akafa mwaka huohuo, na tukamzika kwa heshima zote.

Kanisa letu la Maria lilipojengwa upya, sisi wanawake wa chama cha Bibi, tunaokutana kila mwezi siku yake tukala mkate na kunywa pombe ya shayiri kwa jina lake, tulichanga kitambaa na rangi za ukuta wa upande wetu. Tukamwambia Aba Tensae, kasisi mkuu, kwamba ukuta wa wanawake utachorwa na Wagaye. Bibi Maria na Mtoto juu, na chini miguuni pake Aleka Ayalneh amepiga magoti, jina lake limeandikwa. Aba alikuna ndevu. Alisomeshwa herufi zake za kwanza na Aleka, asingeweza kukataa hivihivi.

"Sawa," akasema. "Kitambaa kitachorwa nyumbani, wanaume watakuja kukibandika. Lakini kuhusu jicho la Aleka, mnajua wenyewe."

Tulijua. Tuliporudi, Yeshareg alinishika mkono mlangoni kwake. "Tewabech, nimesikia anaitwa shetani miaka yote. Nataka nimwone anakaa na watakatifu kabla sijafa. Siombi kingine."

Mchoro wa kwanza Wagaye aliuchora kwa mkaa, na akatuita tuutazame tukiwa kwenye kahawa ya pili. Aleka alikuwa amepiga magoti, ndevu zake, kilemba chake, na macho mawili makubwa mazuri. Yeshareg akaweka kikombe chini.

"Ni nani huyu?"

"Baba."

"Baba yako? Huyu mimi simjui. Nimelala na mume wangu maisha yangu yote nikilitazama jicho moja, leo uzeeni unaniletea bwana mwingine?"

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Wagaye naye alicheka, lakini alichukua tambara akafuta mkaa wote, na nikaona hakuwa na raha. Alikwenda kwa Aba Tensae kuomba ushauri, mimi nikamfuata kwa sababu nilikuwa na shaka na ushauri huo.

"Binti yangu, njia ni mbili," Aba akasema. "Mpe la pili, au mwache asiwepo. Kumgeuza upande siwezi kukwambia, unajua atakuwa nani."

"Nikimpa la pili ninamnyang'anya lile alilolitoa, Aba. Alilipoteza akimfanyia kazi Bibi. Nitalirudishaje, kama vile halikupotea?"

"Na ukimchora na jicho moja wazi na moja limekufa, watamkwangua. Hawatauliza. Emahoy Askala hataki kuuliza."

Hapo alisema kweli. Emahoy Askala ni mtawa wetu mzee, kofia ya njano, fimbo mkononi, na shingoni ufunguo wa sanduku lake. Ufunguo huo umetoboa mashetani wengi kuliko mapanga yote ya Mikaeli. Haoni vizuri tena, kwa hiyo husogeza uso karibu kabisa na ukuta, anahesabu macho kwa kidole, na akikuta moja, krr, kazi imekwisha. Wanawake wengine hungoja aanze yeye, kisha nao huendelea.

"Sheria hii baba yako ndiye aliyenifundisha," Aba akaongeza, kwa sauti ya chini. "Mimi nisipoilinda, nani ailinde?"

"Alikufundisha sheria ili umtambue shetani, au ili umgeuze mtu mwema kuwa shetani?" nikamwuliza mimi. Wagaye akanivuta shuka nikanyamaza, lakini nilikuwa nimeshasema.

Wiki zikapita, kitambaa kimetandazwa ukutani kwao. Bibi Maria alishakuwepo, Mtoto ameshapakatwa, Mikaeli na Gabrieli wamesimama kila upande, na pale chini pamebaki weupe. Yeshareg alikuwa akipita hapo anageuza uso. Alianza kusema ameacha, si lazima, mbona Mungu anamjua mtu wake bila kuchorwa. Nilimjua vizuri. Alikuwa anajiandaa kukosa.

Kisha mchana mmoja upepo wa kiangazi ukavuma, ule wa kupepeta makapi na kuingiza vumbi hadi kwenye chungu. Tulikuwa tumekaa nje tunachambua dengu. Wagaye akaingiwa na vumbi jichoni akaanza kusugua.

"Usisugue!" Yeshareg akamwambia, akasogea, akamwinamisha kichwa, akamfunika jicho kwa kiganja chake, akakiacha hapo. "Tulia tu. Joto la mkono linalitoa lenyewe. Baba yako upepo huu ulikuwa unamwua. Nilikuwa namfunika hivi mpaka unapita, yeye anaendelea kunihadithia habari zake kama hakuna kitu."

Wagaye akatulia. Akatulia sana, mpaka nikadhani kuna kilichomchoma. Yeshareg akataka kuondoa mkono.

"Mama, ngoja. Usiutoe."

"Bado liko?"

"Limeshatoka. Usiutoe tu."

Na akakaa vile, anamtazama mama yake kwa lile jicho moja lililobaki wazi, upepo unatumwagia vumbi kwenye dengu tulizokwisha chambua. Nikalalamika, na hakuna aliyenisikiliza.

Kuanzia hapo alifunga mlango wa chumba. Nilichungulia, sikatai. Mkono wa kuume wa Bibi Maria kila mtu kwetu anajua unapokaa, umelazwa juu ya ule wa kushoto, vidole viwili vimenyooka. Hivyo ndivyo ulivyo katika kila kanisa na kila kitabu cha sala. Wagaye alikuwa ameufuta. Ameupaka upya, unashuka kutoka begani, unapita mbele ya joho la buluu, mrefu kupita mkono wowote wa mwanadamu, mrefu kama mti wa kuangulia matunda, hadi chini kabisa kwenye uso wa Aleka Ayalneh. Kiganja kimelala juu ya upande wake wa kushoto. Aleka ametazama mbele, uso mzima, hakugeuzwa upande hata kidogo. Jicho la kuume liko wazi, kubwa, lina mzaha ndani yake kama alivyokuwa mwenyewe. La pili limefunikwa. Nilisimama pale dirishani nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Aba Tensae hakulia. Alipokuja kukiona kitambaa alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mkono wa Bibi haujawahi kuondoka mahali pake! Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Aba."

"Na huo urefu! Mkono gani huo?"

"Alikuwa mbali, Aba. Ilibidi umfikie."

Aba akainama. Akamtazama mwalimu wake pale chini, kisha akatoa hukumu yake, na ninamsifu kwa hilo kwani angeweza kukataa tu. Kitambaa kitabandikwa. Kitakaa chini, usawa wa mikono ya watu, bila pazia. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Maria wanawake wote watapita hapo. Ikipita siku hiyo bila mkwaruzo, mchoro utabaki. Ukikwanguliwa hata na mtu mmoja, ataamuru ubanduliwe, na hatataka kusikia tena habari za kumchora Aleka, hata na macho kumi.

"Basi tumekwisha," nilimwambia Wagaye njiani. "Mfungie Askala kwake siku hiyo. Nitakusaidia kubeba gogo."

"Aje, shangazi. Nimemchorea yeye pia."

Sikukuu ikafika. Asubuhi tulikuwa tumeshachemsha ngano na maharage ya kula nje, kama desturi, lakini Yeshareg hakutia punje mdomoni. Alivaa nguo yake nyeupe yenye pindo la kijani. Kanisani uvumba ulikuwa mzito, ngoma zinalia upande wa wanaume, na upande wetu watu wamebanana. Wanawake walipoufikia mchoro walisimama. Walijua kuna kitu kimekwenda tofauti. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema, "Mbona mkono uko hapa?" Mwingine, "Huyu si Aleka? Ana jicho moja!" Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mbele yangu akachomoa kibanio kwenye nywele zake, na mimi nikamkanyaga mguu, bahati mbaya, kwa nguvu.

Kisha wakapisha njia, maana Emahoy Askala alikuwa anakuja.

Alikuja na fimbo yake, taratibu, akasogeza uso ukutani kama kawaida. Akapitisha kidole kwa Mikaeli, akanung'unika, "Mawili." Kwa Gabrieli, "Mawili." Akainama hadi chini, akamfikia Aleka. Kidole kikagusa jicho la kuume.

"Moja," akasema.

Akaushika ufunguo. Nilimtafuta Wagaye kwa macho, alikuwa amesimama karibu na nguzo, mikono nyuma, hasogei. Aba Tensae alikuwa mlangoni naye hasogei. Ngoma ziliendelea huko kwingine. Kidole cha Emahoy kikatafuta upande wa pili, kikakuta vidole vya mkono, kikaufuata huo mkono juu, juu, hadi aliposhindwa kufikia.

"Na la pili liko wapi?" akauliza, bila kumgeukia mtu.

Halafu nikasikia sauti ubavuni mwangu, sauti ya mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kanisani, mtu aliyeokota kikapu chake akarudi nyumbani.

"Liko chini ya mkono wa Bibi, Emahoy," Yeshareg akasema. "Kama ni lazima ulihesabu, mwambie kwanza Bibi autoe mkono."

Mtawa akabaki ameinama. Alikwenda tena na kidole kwenye kile kiganja, akakigusa taratibu, kama anayegusa jungu asijue lina moto au halina.

"Mimi ni nani," akasema, "nimwambie Bibi autoe mkono?"

Akautumbukiza ufunguo kifuani. Akasogeza uso, akaubusu ule mkono wa Bibi, akaniegemea mimi kusimama, mzee mzito yule, akaenda zake kumtafuta shetani wa ukuta wa magharibi.

Basi ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Yule mnene akarudisha kibanio kichwani, akabusu. Akabusu wa nyuma yake, na wa nyuma yake. Vigelegele vikapanda mpaka wanaume wakanyamazisha ngoma kuuliza kuna nini. Aba Tensae akapenya katikati yetu, akapiga magoti mbele ya mchoro, akasoma kwa sauti, kila mtu asikie, maandishi yaliyoandikwa chini: "Huyu ni Aleka Ayalneh, aliyemwomba Bibi yetu Maria." Yule mwanamke wa dengu alikuwepo, nilihakikisha ananiona, nikampigia kigelegele kimoja cha usoni. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi siku hiyo tulimtunza Wagaye wetu mpaka shuka lake likatoka begani kwa kukumbatiwa.

Zamu yangu ya kubusu ilipofika niliinama karibu, na ndipo nilipoiona. Juu ya kifundo cha mkono wa Bibi Maria, kwenye rangi ile safi, kulikuwa na alama ndogo ya kahawia, mfano wa punje ya mbaazi. Nikaitambua papo hapo. Ni kovu la kikaango cha injera. Nilikuwepo siku mkono huo ulipoungua, mimi ndiye niliyeupaka asali. Vidole vile vifupi, kidole gumba kile kilichopinda kidogo kwa kusaga, nimevitazama vikinipokea kikombe maisha yangu yote.

Nikamgeukia Yeshareg. Alikuwa ameuficha mkono wake wa kuume ndani ya shuka, machozi yanamtiririka, na amesimama wima kama bibi harusi.

"Yeshareg!" nikamnong'oneza. "Huo ni mko..."

"Nyamaza, Tewabech," akasema. "Busu upite. Wenzako wanangoja."